Kikapu cha Malimbuko: Historia ya Shukrani ya Mavuno Makanisani

Sikukuu ya mavuno ni ibada ambayo waumini huleta kanisani sehemu ya walichopata shambani, zizini au kazini, wakimshukuru Mungu kwa mvua iliyonyesha, mbegu iliyoota na afya ya kushika jembe. Katika makanisa ya Afrika Mashariki ibada hii imezoeleka kiasi kwamba wapo wanaodhani ni desturi ya kienyeji iliyobatizwa, na wapo wanaodhani ililetwa na wamisionari ikiwa imekamilika. Kila upande umeshika kipande tu cha ukweli. Desturi hii imepita Yerusalemu ya kale, Roma, Afrika ya Kaskazini na vijiji vya Ujerumani na Uingereza kabla ya kufika Usambara na Kilimanjaro, na kila ilipopita iliwafundisha watu kuona mkono wa Mungu katika mambo yanayojirudia kila mwaka, yale ambayo macho huyazoea upesi.

Mzizi wake uko katika Torati. Kumbukumbu la Torati sura ya 26 inamwagiza Mwisraeli achukue malimbuko ya shamba lake, ayatie kikapuni na kuyapeleka kwa kuhani. Kuhani hukiweka kikapu mbele ya madhabahu, na aliyekileta husimama na kusimulia jinsi baba zake walivyotangatanga bila ardhi, walivyoonewa Misri, walivyookolewa, na jinsi udongo aliovuna juu yake ulivyo zawadi. Ngano iliyomo kikapuni haina ajabu yoyote. Ni ngano ya kila mwaka. Mkulima ndiye anayetakiwa kukumbuka ilikotoka na kulisema hilo kwa kinywa chake. Baada ya kusimulia, hula na kufurahi pamoja na Mlawi na mgeni, ambao wote wawili hawana urithi wa shamba. Tangu mwanzo, basi, shukrani ilikuwa na sehemu tatu zisizotengana: kitu mkononi, simulizi mdomoni, na mtu asiye na chochote kualikwa mezani.

Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi uliokamilishwa kwenye mwaka 200 hivi baada ya Kristo, imehifadhi namna agizo hilo lilivyotekelezwa wakati hekalu lilipokuwa bado limesimama. Mkulima alishuka shambani mapema, na alipoona tini ya kwanza kuiva, au kichala cha zabibu, au komamanga, aliifunga kwa unyasi na kutamka kwamba hilo ni limbuko. Watu wa mji mmoja walikwea Yerusalemu pamoja, filimbi ikipigwa mbele yao, na ng'ombe wa sadaka akiongoza huku pembe zake zimepakwa dhahabu. Matajiri walibeba vikapu vya fedha na dhahabu, maskini vikapu vya fito za mti zilizomenywa. Kulikuwa na tatizo moja la kibinadamu sana. Waliojua kuyatamka maneno ya simulizi waliyatamka wenyewe, na wasiojua walitamkiwa wayafuatishe. Ikatokea kwamba wasiojua wakaona aibu, wakaacha kuleta malimbuko. Ndipo ikaamuliwa kila mtu atamkiwe, msomi na asiye msomi. Uamuzi huo unastahili heshima kubwa, kwa maana wazee wa hekalu walitambua kwamba shukrani inaweza kufa kwa aibu ya mtu mnyonge, nao wakaiokoa kwa kumshusha aliye juu badala ya kumfukuza aliye chini.

Hekalu lilibomolewa mwaka 70, na njia ya vikapu kwenda Yerusalemu ikakatika. Wakristo wa kwanza walikuwa tayari na meza yao, na jina la Kigiriki walilolipa ibada ya meza hiyo, Ekaristi, ni lile lile la shukrani. Yustino Shahidi, aliyeandika Roma katikati ya karne ya 2, anaeleza jinsi mkate na divai vilivyoletwa kwa msimamizi wa ibada, naye akashukuru kirefu kadiri alivyoweza, watu wakaitikia Amina, na wenye uwezo wakatoa michango ya kuwatunza yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Mazao mengine nayo yalipata mahali pake. Mwongozo wa kale wa ibada uitwao Mapokeo ya Mitume, ambao kwa muda mrefu umehusishwa na Hippolytus wa Roma, una orodha ya matunda yanayoruhusiwa kubarikiwa: zabibu, tini, komamanga, zeituni, tufaha na mengineyo. Maboga, matango, vitunguu na vitunguu saumu havikuruhusiwa. Maua yalikuwa mawili tu, waridi na yungiyungi. Mkulima wa Lushoto anayepanga kabichi, vitunguu na viazi mbele ya madhabahu angerudishwa mlangoni na mwongozo huo, na ni vema kwamba karne zilizofuata ziliulegeza.

Mtu aliyeipa desturi hii hoja yake nzito kuliko wote alikuwa Mwafrika. Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 Thagaste na kuwa askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba nchini Algeria, alihubiri mfululizo juu ya Injili ya Yohana. Alipofika sura ya 6, ambamo Yesu anawalisha watu 5,000 kwa mikate mitano na samaki wawili, hakuwaacha wasikilizaji wake wabaki wakistaajabia mikate. Aliwaambia kwamba kuutawala ulimwengu mzima ni muujiza mkubwa kuliko kuwashibisha watu 5,000, ila hakuna anayeustaajabia. Punje chache hutupwa ardhini na kurudi zikiwa mavuno ya kulisha mataifa, na anayefanya hivyo ndiye aliyeiongeza mikate mikononi mwake. Watu walishangaa la jangwani kwa sababu lilikuwa adimu. Kuhusu arusi ya Kana alitumia hoja hiyo hiyo: maji ya mawingu hugeuka divai kila mwaka ndani ya mizabibu, na mazoea yamefumba macho ya watu wasione. Kwa Augustino, miujiza ya Injili ilitolewa ili kuyaamsha macho yaliyolala mbele ya kazi za Mungu za kila siku. Waumini wa Hippo walikuwa watu wa mashamba ya ngano na mizeituni, katika mikoa iliyoilisha Roma, kwa hiyo mfano wa punje haukuwa wa vitabuni kwao.

Ulaya ya karne za kati iliyafungia mawazo haya katika kalenda. Uingereza ilikuwa na siku ya tarehe 1 Agosti ya kubariki mkate wa ngano mpya. Sehemu nyingi za Ujerumani shukrani ya mavuno iliambatana na siku ya Mikaeli Malaika Mkuu, tarehe 29 Septemba, na baada ya Matengenezo ya Kanisa Waluteri waliendelea nayo. Mwaka 1773 Prussia iliiweka rasmi Jumapili iliyofuata siku hiyo.

Waanglikana walipitia njia nyingine, njia ya kitabu. Kitabu cha Sala cha mwaka 1549 kilikuwa na ibada ya kumtakasa mwanamke aliyejifungua, iliyofuata sheria ya Mambo ya Walawi sura ya 12 kuhusu siku za utakaso. Toleo la mwaka 1552 lilibadilisha jina na mkazo: ikawa ibada ya shukrani ya wanawake baada ya kuzaa. Badiliko hilo linaonekana dogo, lakini ndani yake mama aliacha kusimama mlangoni kama mtu mwenye unajisi wa kuondolewa, akasimama kama mtu aliyevuka hatari na kurudi kutoa asante. Mwaka 1604 ziliongezwa shukrani fupi za mvua, za hali njema ya hewa, za chakula tele, za amani na za kuondokewa na tauni. Toleo la mwaka 1662 lilileta Shukrani ya Jumla, iliyotungwa na Edward Reynolds, askofu wa Norwich. Sala hiyo inaanza na kuumbwa, inaenda kwenye kuhifadhiwa hai, inataja baraka za maisha haya, ndipo inapanda kwenye ukombozi. Kuhifadhiwa hai, yaani kulala na kuamka, kumepewa nafasi yake kabla ya mambo makuu ya imani, na mtunzi anaomba shukrani hiyo ionekane katika mwenendo, isiishie midomoni. Waanglikana wa Afrika Mashariki waliposoma Kitabu cha Sala kwa Kiswahili, shukrani hizi zilikuwa miongoni mwa walivyovipokea.

Sikukuu ya mavuno yenyewe, kwa sura inayofahamika leo kwa Waanglikana, ina mwanzo unaojulikana. Robert Stephen Hawker, kasisi wa Morwenstow katika Cornwall, parokia maskini ya wakulima kwenye ukingo wa bahari, aliwaalika waumini wake tarehe 1 Oktoba 1843 washiriki Meza ya Bwana kwa mkate uliookwa kwa ngano mpya. Alikuwa akifufua siku ya kale ya mkate, lakini akaisogeza hadi baada ya mavuno kumalizika. Desturi hiyo ilienea upesi katika Uingereza ya wakati wa Malkia Victoria, pamoja na mapambo ya miganda, matunda na maboga.

Mwaka mmoja baadaye, 1844, Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, na mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakaanzisha kituo cha Rabai. Wamisionari wa Kijerumani wa Bethel waliingia Usambara mwaka 1891. Mwaka huo huo Wamoravian walianza Rungwe na Waluteri wa Berlin wakafungua kazi upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Kila kundi lilikuja na kalenda yake ya shukrani, na likakuta wenyeji nao wana yao. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 kuhusu maisha ya Wakikuyu, ameeleza sala za kuomba mvua na taratibu za kupanda, za kutakasa mimea na za kuvuna, wazee wakielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, chini ya mti wa mugumo. Wamisionari wengi waliyaona hayo yote kuwa matambiko ya kuachwa. Wachache waliangalia kwa makini zaidi. Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Uchagani tangu mwaka 1902 hadi 1938, kwa vipindi, alishikilia kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyoviweka Mungu mwenyewe, na kwamba usharika ujengwe juu ya vifungo hivyo badala ya kuvikata. Mtu aliyezoea kumshukuru Mungu pamoja na ukoo wake hakuhitaji kufundishwa kwamba mazao hayatoki kwa jembe peke yake. Alichofundishwa ni jina la Kristo, na kwamba sadaka ya damu ilikwisha kutolewa mara moja.

Kalenda ya Ulaya haikukaa sawasawa na mvua za huku. Nyanda za Juu Kusini hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili na kuvuna mahindi kati ya Mei na Agosti. Jumapili ya kwanza ya Oktoba huwakuta wakulima wengi wanasafisha mashamba, ghala limeanza kupungua na macho yako mawinguni. Kaskazini na pwani kuna masika na vuli, na migomba ya Kilimanjaro na Bukoba huzaa mwaka mzima. Kwa hiyo tarehe iliachwa ielee. Sharika na parokia hupanga siku kulingana na mavuno ya mahali, na baadhi huadhimisha zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kahawa nayo ilileta badiliko lake. Kuanzia miaka ya 1920, ambapo wakulima wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, mavuno muhimu ya familia nyingi yakawa ni zao lisiloliwa. Malimbuko ya mauzo ya kahawa hayaingii kikapuni. Huja kama fedha, na fedha haina harufu ya shamba. Hata hivyo kikapu hakikutoweka, kwa sababu karibu na kahawa palikuwa na ndizi, maharage na kuku.

Namna kikapu kinavyogeuka kuwa mapato ya usharika ndiyo sehemu ya desturi hii iliyokomaa zaidi katika ardhi ya huku. Asubuhi ya mavuno, hasa katika makanisa ya Kiluteri ya Tanzania, eneo la mbele ya madhabahu hujaa mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, trei za mayai, miwa iliyoegemezwa ukutani, mbuzi aliyefungwa nje na kuku waliofungwa miguu ambao hawanyamazi wakati wa mahubiri. Mchungaji huviombea vyote. Ibada ikiisha watu hutoka nje na mnada huanza. Dalali huwa mzee wa kanisa mwenye sauti na ucheshi. Jogoo huinuliwa, bei huanza chini, mmoja hutaja, mwingine hupandisha. Anayeshinda hulipa, na mara nyingi hamchukui jogoo wake: humrudisha auzwe tena, au humkabidhi mgeni wa siku hiyo, mjane, au kwaya. Jogoo mmoja huweza kupita mikono kadhaa kabla ya kufika chunguni. Yai la mtoto mdogo aliyelibeba kwa mikono miwili hununuliwa kwa bei ambayo sokoni ingenunua trei nzima, na mtoto husimama pale akishuhudia.

Mnada una wakosoaji, na hoja zao si nyepesi. Wapo wanaokumbusha kwamba Yesu alizipindua meza za wafanyabiashara hekaluni. Wapo wanaoona wenye fedha wakigeuza shukrani kuwa uwanja wa kujionyesha, huku aliyeleta debe la mahindi alilolitoa katika upungufu wa ghala lake akibaki pembeni. Ndiyo aibu ile ile waliyoikabili wazee wa Yerusalemu. Sharika zinazoongozwa vizuri hupunguza hatari hiyo kwa kutosoma majina na viwango, na kwa kutenga chakula cha wahitaji kabla ya kitu chochote kupigwa mnada. Palipo na utaratibu huo mnada hufanya kazi njema: asiye na shamba hupata njia ya kushiriki mavuno, na aliye na shamba huona kazi ya mikono yake ikiheshimiwa hadharani.

Simulizi mdomoni, ile sehemu ya pili ya agizo la Torati, ilipata uhai mpya mbali na mashamba ya Waluteri. Mwezi Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, daktari mmisionari Joe Church alikutana na Simeoni Nsibambi, Mkristo Mganda aliyekuwa na kiu ya kiroho kama yake. Church alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Gahini, Rwanda, na alikuwa ametoka kuona njaa kali. Uamsho uliochipuka Gahini katika miaka ya 1930 ulifika Kabale mwaka 1935, ukaingia Kenya mwaka 1937, na kufikia mwisho wa muongo huo ulikuwa umevuka kuingia Tanganyika upande wa Katoke na Bukoba. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi na mwalimu wa wainjilisti Gahini, alifariki Januari 1936, na kifo chake kiliuongezea moto badala ya kuuzima.

Chombo kikuu cha Uamsho kilikuwa ushuhuda. Ndugu walikutana kila juma, mmoja akasimama, akakiri dhambi yake kwa jina bila kuipamba, akataja alichotendewa na Bwana, na wengine wakaitikia kwa wimbo wa sifa wa Kiganda ambao mpaka leo huimbwa kutoka Kigali hadi Nairobi. Mambo yaliyotajwa yalikuwa ya nyumbani: deni lililolipwa, mume na mke waliosameheana, jembe la jirani lililorudishwa, safari iliyoisha salama, usiku uliopita bila homa. Mwanamke asiyejua kusoma alisimama mbele ya askofu akashuhudia, na askofu akasikiliza. Kanisa la kabla ya hapo lilikuwa limezoea sauti ya kasisi. Ushuhuda ulimpa kila muumini kinywa, kama ule uamuzi wa kale wa kumtamkia kila mtu maneno ya malimbuko. Una udhaifu wake pia: maneno yakizoeleka huwa fomula, na asante ya kulindwa usiku huweza kutamkwa na mtu ambaye mawazo yake yako kwingine. Wazee wa Uamsho walilijua hilo, ndiyo maana walidai ushuhuda uwe wa juma hili, wala si wa mwaka ule mtu alipookoka.

Wakatoliki waliifikia shukrani hii ya kila muumini kwa mlango wa liturujia. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kuanzia 1962 hadi 1965, maandamano ya kuleta vipaji altareni yalirudishwa kwa nguvu, na katika Afrika Mashariki yakapokelewa kwa ngoma, vigelegele na vikapu vichwani. Maaskofu wa nchi za ukanda huu walipoamua katika miaka ya 1970 kujenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo, shukrani ilishuka hadi sebuleni: familia kumi au ishirini husali pamoja, na kila mmoja hutaja anachoshukuru kabla ya kutaja anachoomba.

Mijini kikapu kimekuwa bahasha. Mhasibu wa usharika huandika zaka, ahadi na shukrani katika safu tofauti, na matangazo ya Jumapili huweza kutaja familia iliyomshukuru Mungu kwa mtoto aliyezaliwa, mitihani iliyofaulu, upasuaji uliokwenda vizuri au miaka 25 ya ndoa. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na hasa wakati wa korona mwaka 2020 ambapo milango ya makanisa mengi ilifungwa au kubanwa, sadaka imehamia kwenye simu. Hilo lenyewe halina ubaya. Badiliko linalogusa kiini ni mahubiri yanayoita shukrani mbegu, ambapo mtu hutoa ili avune zaidi. Agizo la malimbuko linaweka mpangilio tofauti kabisa: mkulima amekwisha kuvuna, anakuja na kilichopo, anasimulia yaliyopita, wala hakuna mstari katika simulizi lake unaodai malipo. Nabii Habakuki alikwenda mbali zaidi alipokusudia kumfurahia Mungu hata mtini usipochanua na zizi likiwa tupu, na ni maneno yake ambayo wahubiri wa maeneo ya ukame huyasoma katika mwaka ambao mvua zimegoma na mavuno yanaadhimishwa kwa madebe mawili matatu ya mtama.

Sharika nyingi za mijini bado huweka siku moja ya kuleta vitu. Wafanyakazi wa ofisini, madereva wa bodaboda na mama lishe huja na mchele, sukari, sabuni, mafuta ya kupikia na viroba vya unga. Sehemu hupigwa mnada, na iliyobaki hupakiwa garini siku hiyo hiyo, ikapelekwa vituo vya watoto yatima, wodi za wagonjwa na nyumba za wazee wasio na wa kuwatunza.